Mguu Ulionyimwa Amri

Mguu mgonjwa husikika kabla haujaonekana. Nalitanguliza hilo kwa sababu ninyi mnaotoka vyuoni siku hizi na makoti meupe yaliyopigwa pasi mna bidii ya kusoma kila kitu isipokuwa mgonjwa anayekuja. Mimi nimestaafu. Niko kwangu Manga na migomba yangu na kuku wasiosikia la mtu, na kazi ya tiba ya viungo nimeiacha huko hospitalini. Lakini mtu akipita njiani hapo chini nikiwa nachambua mboga, bado nitakwambia bila kuinua kichwa kama anaumwa nyonga au kama goti lake limeanza kusagika. Mguu mzima hutua kwa kisigino. Mguu usioweza kuinua wayo hutua wote kwa pamoja, pwa, kama ndala iliyolowa maji.

Sauti hiyo ndiyo iliyonizeesha na hasira. Mkiona nimekasirika humu, msiseme bibi amechoka na maisha. Nina sababu, na sababu yenyewe ina jina. Anaitwa Moraa.

Alikuja kwangu akiwa mtoto wa chekechea, ameshikwa mkono na nyanya yake, Bosibori, mkulima wa chai kutoka upande wa Nyacheki. Niliwasikia wakiwa bado kwenye ukumbi wa hospitali. Walipoingia nikaona mtoto anainua goti juu kama anayevuka mtaro, kisha wayo wa kulia unaanguka. Bosibori aliketi, akaifunga upya leso yake, akangoja niulize.

"Nini ilitokea, mama?"

"Hata sijui, daktari. Alikuwa na homa tu. Homa ikaisha, mguu ikakataa."

"Homa ilitibiwa wapi?"

"Kwa kemisti ya hapo kwetu. Alidungwa."

"Alidungwa wapi kwa mwili?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua huchomoza upande gani. "Kwa matako. Kwani watu hudungwa wapi ingine?"

Hapo ndipo damu ilinipanda, ingawa sikumwonyesha. Ninyi mliozaliwa huku mnajua desturi yetu, na wageni niwaeleze. Kwetu, dawa ya kumeza ni ya kupitisha wakati. Mtu akipewa tembe anarudi nyumbani amenuna, anasema hakutibiwa. Sindano ndiyo dawa, na kadiri inavyouma ndivyo inavyoaminiwa. Mtoto akiugua, analazwa kifudifudi juu ya mapaja ya nyanya yake, nguo inashushwa, na anadungwa pale penye nyama nyingi huku akirusha miguu. Halafu anakandwa kwa kitambaa cha maji moto na chumvi, na nyumba nzima inapumua. Ijumaa alasiri ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kila mtu anataka awe mzima kabla Sabato haijaingia jua likitua. Moraa alikuwa na aya ya kukariri kesho yake kwenye mkutano wa makanisa Nyanchwa, na gauni lilikuwa limeshafuliwa. Bosibori alimpeleka kwa Mokua akaomba sindano kali.

Mokua nitamweleza. Alikuwa mwenye kemisti ya pale sokoni, soko dogo ambalo silitaji. Zamani aliwahi kubeba maboksi katika stoo ya zahanati fulani, na kwa hilo tu watu wakamwita Daktari, naye akaitika. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, anayesalimia wazee kwa mikono miwili. Nasema hivyo ili msidhani mtu wa kuogopwa huja amekunja uso.

Sasa nisikilizeni juu ya kile kilichomo ndani ya tako, kwa maana mliniudhi sana mlipokuwa mkikariri majina yake kwa ajili ya mtihani na kuyasahau kabla ya chakula cha mchana.

Moraa akitaka kuinua wayo, wazo huanzia ubongoni. Amri inashuka ndani ya uti wa mgongo hadi karibu na kiuno, inakabidhiwa neva nyingine, na neva hiyo inapita tako, nyuma ya paja, kando ya goti, hadi mbele kwenye ugoko. Amri husafiri kama umeme, ila si umeme wa waya. Ni chembe za chumvi zinazoingia na kutoka kwenye ukuta wa neva, hapa, kisha mbele kidogo, kisha mbele tena, upesi kuliko kupepesa jicho. Ikifika mwisho, neva haiugusi msuli. Kuna mwanya mdogo mno. Neva humwaga kemikali, asetilikolini, nayo huvuka mwanya na kuubishia msuli hodi, vile mtu wa Manga anavyosimama ukingoni akamwita jirani wa ng'ambo badala ya kushuka bonde zima. Msuli ukiitika, umeme mpya huenea ndani yake na kalisi, madini yale ya mifupa, iliyokuwa imehifadhiwa humo hufunguliwa.

Kuhusu kukaza kwenyewe, weka vidole vya mkono mmoja kati ya vidole vya mwingine, ncha tu zikipishana. Visukume viingie ndani. Mikono imekaribiana, na hakuna kidole kilichofupika. Ndivyo msuli unavyofanya: nyuzi nyembamba huteleza kati ya nyuzi nene, na kalisi ndiyo huziruhusu zishikane. Baadaye asetilikolini huvunjwa, kalisi hurudishwa ilikotoka, na msuli hulegea. Hayo yote hutokea mtoto anapoinua kidole cha mguu avae soksi.

Mimi sikufundishwa hayo darasani, au tuseme nilifundishwa nikayalalia. Aliyenifungua macho ni Mzee Ombati, mwalimu wangu wa kazi, mtu mfupi aliyevaa tai hata siku ya mvua. Juma langu la kwanza alinipeleka kichinjioni asubuhi. Nilidhani amekwenda kununua nyama. Akanisimamisha mbele ya paja la ng'ombe lililotundikwa, limekwisha kuchunwa, na nyama ikawa inachezacheza yenyewe. Wachinjaji walicheka kuona nimerudi nyuma.

"Kichwa chake kiko wapi?" akaniuliza.

"Kiko kule chini, mzee."

"Basi ni nani anaiamuru?"

Akaniambia nyama haina kosa, kwamba msuli huwa tayari hata mwenyewe akiwa ameondoka, na kidogo cha umeme na kalisi kilichobaki kinatosha kuuchezesha. "Siku utakapoletewa mguu uliolala," akasema, "usianze kuulaumu mguu. Ifuate njia ya amri mpaka uone ilipokatika." Halafu akanunua maini yake tukarudi kazini.

Basi njia ya Moraa nilijua ilikatikia wapi. Dawa kali ilimwagwa juu ya neva au ubavuni mwake, neva ikaungua. Ubongo ulituma amri, tena bila kuchoka, na amri ikafika takoni ikafia hapo. Msuli wa ugoko ulikuwa mzima kabisa na haukuwa ukisikia neno. Na hapa ndipo penye hatari ambayo lazima muishike: neva ikiwa haikukatika kabisa inaweza kuota tena, lakini huota polepole sana, kutoka takoni hadi ugokoni, na huku nyuma msuli usioamriwa hunyauka. Ni mashindano. Tulikuwa tunashindania mguu wa mtoto, na hakuna aliyeweza kuniapia kwamba tungeshinda.

Nilimweleza Bosibori kwa Ekegusii, taratibu, kwa vidole. Alisikiliza yote. Kisha akasema, "Lakini Daktari Mokua alisema ni mtu."

"Mtu gani?"

"Alisema sindano yake ilitoa homa. Mguu ni ya mtu. Niangalie ni nani alipatia mtoto chakula hiyo siku."

Na aliyempa mtoto chakula siku hiyo ni wifi ya Bosibori, jirani wa ua mmoja, aliyemkatia Moraa ndizi mbivu akiwa njiani kwenda kwa kemisti. Bosibori alikuwa ameacha kumsemesha. Watoto wa nyumba hizo mbili walikuwa wamekatazwa kucheza pamoja. Mnajua kwetu maneno ya uchawi ya namna hiyo huishia wapi yakiachwa yaive. Mtu ameharibu mguu kwa mkono wake, kisha kwa mdomo wake anataka kuharibu ukoo, na anafanya yote mawili kwa sauti ya upole.

Tulianza kazi. Nilikata jerikeni kuukuu, nikailainisha kwa maji moto, nikaikunja ifuate umbo la shavu la mguu na wayo, nikaitia ndani kipande cha blanketi na kuifungia mikanda ya begi. Ilikuwa ni ya kuushika wayo usining'inie, kwa sababu kano ya kisigino ikishafupika, hata amri ikirudi haitapata nafasi ya kufanya kazi. Nikamwonyesha Bosibori kuunyoosha mguu kila asubuhi na jioni. Nikamwambia kila wakiketi kuchambua mboga za chinsaga, Moraa ajaribu kuinua wayo, hata kama hauinuki.

"Hata kama hauinuki?" Bosibori akauliza. "Sasa hiyo ni kujaribu nini?"

"Ubongo usisahau kutuma, mama."

Wakaenda. Walikuja kila siku ya kliniki, mvua ikinyesha au chai ikiwa imeiva shambani, na watu wa kwao walimcheka Bosibori kwamba anapoteza siku kwa yule mama wa kukanda. Miaka yangu yote nimeitwa yule mama wa kukanda. Ningeweza kuandika kitabu kizima juu ya hilo peke yake, lakini leo nina hasira kubwa zaidi za kushughulikia.

Moja ni ya ninyi vijana. Siku moja nilimwacha Moraa na mwanafunzi wa mafunzo, kijana mtanashati, amshughulikie kwa mashine mpya ya umeme ambayo sote tuliionea fahari. Nilirudi nikakuta mtoto analia, mwanafunzi anazungusha kitufe kwa mkono mmoja na simu iko mkono wa pili.

"Madam, hii msuli imeisha," akaniambia. "Nimeweka mpaka mwisho, hakuna kitu."

Nilimwomba aondoke kwanza kwenye kiti. Mashine ile ilitoa umeme wa kukatizakatiza, mfupi mfupi, wa kuamsha neva ili neva iamshe msuli. Moraa hakuwa na neva ya kuamsha. Alichokuwa anapata ni maumivu matupu. Nikaenda kabatini nikatoa mashine ya zamani ya Mzee Ombati, ile nzito ambayo vijana waliitumia kuzuia mlango, inayotoa umeme wa kukawia. Nikalowesha sponji, nikaibana ugokoni, nikazungusha kidogo. Msuli ukajikunja polepole, kivivu, kama mnyoo anayegeuka udongoni. Msuli wenye neva hushtuka mara moja. Usio na neva hujikokota namna hiyo, na kujikokota huko ndiko kunakokwambia kwamba bado upo hai. Moraa aliacha kulia akatazama ugoko wake.

"Magokoro, kuna kitu ndani," akamwambia nyanya yake.

Yule kijana aliona aibu kwelikweli, na leo ni mtaalamu mzuri, kwa hiyo simtaji. Ninachowaambia ni kwamba kabla hujasema kitu kimekufa, uliza kama wewe ndiye uliyeshindwa kukiita.

Baada ya hapo nilikwenda sokoni kwa Mokua. Niliona siwezi kuendelea kufagia maji huku bomba limefunguliwa. Alinikaribisha vizuri.

"Karibu, madam. Nikusaidie na dawa gani?"

"Sikuja kununua. Nimekuja kwa sababu ya Moraa wa Bosibori."

Aliendelea kupanga chupa kwenye rafu. Nikamwelezea neva inapopita. Nikachora hata kwenye karatasi ya kufungia. Nikamwambia mtoto akidungwa, basi ni pajani, mbele upande wa nje, ambako hakuna neva kubwa ya kuogopa. Nikamwambia pia kwamba kwa homa ile huenda dawa ya kumeza ingetosha.

"Madam," akasema kwa ile sauti yake, "watu wenyewe ndio wanataka. Nikimpatia mtu tembe, anaenda duka ingine anadungwa huko. Mimi nimedunga watu hapa miaka mingi. Huyo ni mmoja."

Huyo ni mmoja. Nimeishi na maneno hayo tangu siku hiyo. Nilimwuliza kama angempa Bosibori habari hiyo mwenyewe, kwamba mjukuu wake ni mmoja tu. Akasema ana wateja. Niliripoti kwa ofisi zinazohusika, nikaambiwa watafuatilia, na nadhani wanafuatilia hadi leo.

Miezi ikapita. Ugoko wa Moraa ulikuwa umekonda kuliko wa pili, na kila nilipoweka kidole pale mbele na kumwambia ainue, niligusa ngozi iliyotulia. Bosibori hakuwa akiniuliza tena kama utapona. Alikuwa akiuliza tu, "Leo?" nami nikitikisa kichwa. Niliogopa mashindano tumeshindwa, na sikuthubutu kumwambia.

Siku ninayotaka kuwaambia, Moraa na nyanya yake walikuwa wamekaa chumbani kwangu wakingoja nimalize na mgonjwa mwingine. Chumba changu kilipakana na chumba cha sindano. Nikasikia sauti ya chini ninayoijua.

"Sista, tafadhali, huyu msimdunge kwa matako. Mdungeni kwa paja. Hapa, kando."

Nilitoka. Mokua alikuwa amempakata mjukuu wake mwenye homa, kidole chake kikiwa kimewekwa mahali sahihi kabisa pa paja, pale pale nilipomchorea.

"Kumbe uliamini," nikamwambia.

Akainuka nusu kunisalimia. "Madam, wewe ndiye ulinielezea."

"Na kule dukani? Wale wengine unawadunga wapi?"

Akamgeuzia muuguzi paja la mtoto. Muuguzi alikuwa ameshika bomba la sindano, akitutazama mmoja baada ya mwingine. Ningekuwa nimekuta Mokua hajui, ningemhurumia, kwa maana kutojua kuna dawa. Mtu huyu alijua. Elimu niliyompelekea aliichukua, akaitunza vizuri, akaiwekea damu yake peke yake.

Nilingoja mjukuu wake atibiwe, kwa sababu mtoto hana hatia. Kisha nikamwambia amwache kwa muuguzi aingie chumbani kwangu. Sijui kwa nini alitii. Alipomwona Bosibori alisita mlangoni, na Bosibori akamsalimu, "Bwakire, Daktari," kwa heshima ile ile ya siku zote.

Nikamlaza Moraa. Nikamshika Mokua mkono, nikachukua kidole chake cha shahada, nikakiweka mbele ya ugoko wa mtoto.

"Macho hayataona kitu," nikamwambia. "Kidole ndicho kitasikia. Nataka usikie kule kulala. Moraa, inua wayo."

Moraa alikaza uso mzima, akashika pumzi. Wayo haukusogea.

"Tena," nikasema.

Uso wa Mokua ulibadilika. Alibaki ameinama vile vile, kisha akasema polepole, "Imeshtuka. Hapa, chini ya kidole. Imeshtuka."

Sikumwamini. Nikaweka changu juu kidogo ya chake, nikamwambia Moraa arudie. Ikaja. Kitu kidogo kuliko pigo la mshipa wa damu, lakini kilikuja Moraa alipojaribu na kikaondoka alipoacha. Niliwaambia amri imefika.

Bosibori aliinuka kutoka benchi. Alimtazama Mokua, akatazama kile kidole kilichokuwa bado kimekaa juu ya mguu wa mjukuu wake, na nadhani hapo ndipo alipoelewa kila nilichokuwa nimemweleza miezi yote ile.

"Mokua," akasema. Hakusema Daktari. "Toa kidole yako hapo. Nataka kusikia mimi."

Mokua akatoa. Bosibori akaweka kidole chake kigumu cha kuchuma chai, akafumba macho, na Moraa akainua, akainua tena, mpaka akachoka. Mokua aliondoka bila kuaga.

Jioni ile, niliambiwa baadaye, Bosibori alipita kwa wifi yake kabla ya kufika kwake. Hakubeba maneno mengi. Aliomba ndizi mbivu ampe mtoto, na wifi yake akaenda kukata.

Mtataka kujua Mokua alifanywa nini. Hakufanywa kitu. Bado ana kemisti, na watu bado wanamwita Daktari, isipokuwa nyumba moja. Nasikia siku hizi hudunga pajani. Wapo wanaoniambia nifurahi kwamba amejifunza, nami huwauliza kwa nini amejifunzia kwa mguu wa mtu mwingine.

Na ninyi mnaoanza, msiniletee habari kwamba watu wenyewe ndio wanataka sindano. Mgonjwa anayo haki ya kutaka. Wewe ndiye uliyefundishwa njia inapita wapi.

Moraa sasa yuko sekondari. Akija kunisalimia hupanda kilima hiki cha Manga kwa miguu, akikataa bodaboda ili anionyeshe. Wayo wake huinuka, karibu wote. Nami huketi hapa nikachambua mboga na kumsikiliza akipanda: kisigino, kisigino, kisigino, na mara moja moja, akichoka karibu na lango langu, pwa. Bosibori humnunulia viatu vya shule kama watoto wengine, na kila mwaka cha kulia huisha mbele, kwenye vidole, wakati cha kushoto bado ni kipya.